Wasomaji Wanauliza: Mwamba wa Shale Ukibanwa, Gesi Hupitaje?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu shale, ule mwamba wa matope yaliyogandamana unaohifadhi gesi katika vinyweleo visivyoonekana hata kwa hadubini ya kawaida. Tumechagua zinazouliza kuhusu mkazo, kwa sababu hapo ndipo makosa yaleyale yanapojirudia, maabara na kisimani pia. Baadhi ya barua tumezifupisha.

Swali: Ndugu wataalamu, nimesoma kwamba gesi ikitolewa shale hubanwa na njia za gesi huzidi kuwa finyu. Mwamba uko kilomita tatu chini na umebeba mzigo uleule kwa mamilioni ya miaka. Kwa nini ubanwe leo? (Mwanafunzi wa jiolojia, mwaka wa pili)

Jibu: Ni kweli, mzigo wa juu haujabadilika. Kilichobadilika ni aliyekuwa akisaidia kuubeba. Uzito wa miamba ya juu hubebwa na wawili: chembe za mwamba wenyewe, na gesi au maji yaliyojaa kwenye vinyweleo na kusukuma kuta kwa ndani. Gesi ikitoka, sehemu yake ya mzigo huhamia kwenye chembe. Ndiyo maana hesabu zote hufanywa kwa mkazo halisi, yaani mkazo wa nje ukiondoa shinikizo la ndani. Karl Terzaghi aliweka msingi huo kwa udongo katika miaka ya 1920. Mwaka 1941 Maurice Biot akaonyesha kwamba si lazima shinikizo la ndani liondolewe lote: kwanza huzidishwa kwa kizidisho ambacho kwa miamba migumu huwa chini ya 1.

Tupige hesabu, kwa urahisi tukichukua kizidisho hicho kuwa 1. Miamba huongeza takribani MPa (megapaskali) 23 kwa kila kilomita ya kina, kwa hiyo kilomita tatu ni MPa 69. Shinikizo la ndani likifuata uzito wa maji, MPa 10 kwa kilomita, ni MPa 30. Mkazo halisi ni 39. Gesi ikitolewa hadi shinikizo karibu na nyufa lishuke kufikia MPa 5, mkazo halisi unakuwa 64. Hiyo nyongeza ya 25 ndiyo inayobana.

Haibani kila kitu sawasawa, na hili tungependa ulishike kabla ya mengine yote. Vinyweleo vya mviringo ndani ya kerojeni (mabaki ya viumbe yaliyogandamana ndani ya mwamba), vyenye upana wa nanomita chache hadi mia moja hivi, ni vigumu kuvifinya. Nyufa bapa ni habari nyingine. Ufa wenye unene wa 1/1,000 ya urefu wake, katika mwamba wenye moduli ya Young (kipimo cha ugumu wake) ya GPa 30, yaani MPa 30,000, hufungika mkazo ukifika takribani MPa 25. Ule wenye unene wa 1/10,000 hufungika kwa MPa 2.5 tu. Na kwa kuwa mtiririko ndani ya ufa hufuata mchemraba wa upana wake, upana ukipungua nusu, gesi inayopita inabaki moja ya nane. Kwa hiyo mtu akikuambia "shale ni nyepesi kubanwa" au "shale haibanwi", muulize kwanza sampuli yake ilikuwa na nyufa au haikuwa nazo.

Kwa kawaida matokeo huandikwa hivi: k = k₀ · e^(−γ·Δσ), ambapo k ni upenyevu (urahisi wa gesi kupita mwambani), k₀ ni upenyevu wa mwanzo, Δσ ni nyongeza ya mkazo halisi, na γ ni kipimo cha wepesi wa mwamba kubanwa. Kwa nyongeza yetu ya MPa 25, γ ya 0.02 kwa kila MPa inabakiza asilimia 61 ya upenyevu. γ ya 0.1, ambayo ni ya mwamba wenye nyufa nyingi, inabakiza asilimia 8.

Jambo moja zaidi, linalosahaulika. Miamba yenye shinikizo la ndani lililozidi kawaida ina zaidi cha kupoteza. Shale ya Haynesville huko Marekani, kwenye mpaka wa Louisiana na Texas, ni mfano unaojulikana. Gesi yake imebeba sehemu kubwa ya mzigo tangu mwanzo, kwa hiyo mkazo halisi huanza chini sana. Ukiishusha gesi hiyo, mkazo hupanda kwa kiasi kikubwa kuliko ile 25.

Swali: Nilianza na mkazo wa MPa 5 nikapata upenyevu wa nanodarsi 900 (nanodarsi ni sehemu moja ya bilioni ya darsi, kipimo cha upenyevu). Nikapanda hadi MPa 40, nikapata 60. Niliposhuka tena hadi MPa 5 nilipata 210 tu. Je, kifaa ni kibovu? (Mwanafunzi wa uzamili)

Jibu: Kifaa ni kizima. Kilichobadilika ni sampuli.

Mwamba ukitolewa kilomita kadhaa chini hupanuka, gesi iliyonaswa ndani hutanuka nayo, kisha msumeno na tanuri huongeza yao. Unaishia na sampuli yenye nyufa ambazo ardhini hazikuwepo. Mkazo wa kwanza unazifunga, chembe zinateleza na kukaa upya, na baadhi ya nyufa hazifunguki tena. Ukikokotoa γ kwa tarakimu zako, njia ya kupandisha inatoa 0.077 na njia ya kushusha 0.036. Zaidi ya nusu ya "wepesi wa kubanwa" ulioupima mwanzoni ni majeraha ya uchimbaji na ukataji.

Anzia kwenye ukaushaji. Tumia tanuri lenye unyevu uliodhibitiwa, nyuzi 60 za Selsiasi na unyevu wa hewa wa asilimia 45 hivi, na upime uzito kila siku hadi utulie. Nyuzi 105 zinafukuza hata maji yaliyoshikwa na madini ya mfinyanzi. Mfinyanzi unasinyaa na nyufa mpya zinazaliwa kabla hujaanza kupima chochote.

Kisha zungusha mkazo: upandishe polepole, si zaidi ya MPa 1 kwa dakika, hadi kiwango ulichokuwapo ardhini. Uache usiku mzima, maana shale yenye mfinyanzi mwingi huendelea kujibana taratibu hata mkazo ukiwa haubadiliki. Ushushe, upandishe tena. Mizunguko miwili au mitatu kwa kawaida inatosha. Utajua umefika pale mkunjo wa kupanda wa mzunguko huu utakapolala juu ya ule uliopita.

Hapa ndipo wengi huharibu. Wanazungusha hadi mkazo wa juu kabisa wanaotaka kuupima, halafu wanashangaa kupata γ ndogo mno. Ikiwa ardhini mkazo halisi ulikuwa 39 na uzalishaji utaufikisha 64, zungusha hadi 39 tu. Safari ya 39 kwenda 64 ni mpya kwa mwamba, na ndiyo unayotaka kuipima. Ukiipitisha kwenye mizunguko ya maandalizi umeifuta. Njia ya kushusha nayo ina kazi yake: itumie kwa kisima kinachofungwa kwa muda, shinikizo la ndani linapopanda tena.

Swali: Tunapima upenyevu kwa njia ya kushuka kwa msukumo wa shinikizo. Kipimo kimoja kinachukua siku kadhaa, na mstari kwenye grafu ya logi hauwi mnyoofu. Tunakosea wapi? (Mafundi wawili wa maabara)

Jibu: Kwa wasiojua njia hii: sampuli ya silinda huwekwa kati ya mitungi miwili midogo yenye gesi ya shinikizo sawa. Shinikizo la mtungi wa juu huongezwa ghafla kidogo, kisha tunatazama tofauti kati ya mitungi ikipungua gesi inapopenya mwambani. Brace, Walsh na Frangos waliitumia kwa granaiti mwaka 1968, na mpaka leo ndiyo kazi ya kila siku kwa miamba isiyopitisha kitu kirahisi.

Kwanza muda. Kasi ya kushuka ni

α = (k·A / μ·c·L) × (1/V₁ + 1/V₂)

ambapo A ni eneo la uso wa sampuli, L urefu wake, μ mnato wa gesi, c mgandamiziko wake, na V₁ na V₂ ni ujazo wa mitungi. Chukua sampuli yenye kipenyo cha mm 25 na urefu wa mm 30, naitrojeni ya MPa 10, na mitungi ya sentimita za ujazo 10 kila mmoja. Mwamba wa nanodarsi 100 utakuwa na muda bainifu (1/α) wa saa 1.7 hivi. Mwamba wa nanodarsi 1 utahitaji siku 7. Si kosa lenu, ni hesabu.

Dawa ni kupunguza mitungi. Ya sentimita za ujazo 2 inafanya kazi kwa kasi mara tano, kwa hiyo siku 7 zinakuwa saa 34. Lakini kuna bei. Sampuli hiyo yenye vinyweleo asilimia 5 hubeba ndani yake gesi ya sentimita za ujazo 0.74, kiasi ambacho si kidogo tena mbele ya mtungi wa 2. Fomula rahisi hapo juu inachukulia kwamba sampuli haihifadhi gesi. Ukiwa na mitungi midogo tumia masahihisho ya Dicker na Smits ya mwaka 1988, la sivyo utapotosha upenyevu wote kwa upande mmoja.

Sasa mstari usionyooka. Kama umepinda mwanzoni tu, msihangaike: gesi inaingia kwenye vinyweleo vya sampuli, na gesi iliyobanwa ghafla imepata joto ambalo linahitaji dakika kadhaa kupoa. Tupeni sehemu hiyo. Sisi hupenda kusoma mteremko pale tofauti ya shinikizo inapokuwa kati ya asilimia 70 na 20 ya ile ya mwanzo. Chini ya hapo kelele ya kihisio huanza kutawala.

Kama umepinda mwishoni, au hautaki kushuka hadi sifuri, mshukieni mmoja kati ya watatu.

Joto. Gesi ya MPa 10 iliyofungiwa kwenye mtungi hubadilika kwa kPa 33 kwa kila nyuzi moja. Msukumo wa kawaida ni asilimia 3 hivi ya shinikizo la ndani, yaani kPa 300. Mtungi mmoja ukiwa karibu na tundu la kiyoyozi na mwingine umesitirika, nyuzi moja ya tofauti ni zaidi ya sehemu ya kumi ya kile mnachopima. Fungieni mfumo wote, mitungi, vali na mabomba pamoja na sampuli, ndani ya kabati moja linaloshikilia joto lisipishane zaidi ya nyuzi 0.1. Kabati linalofunika sampuli peke yake halisaidii.

Uvujaji. Wekeni kipande cha chuma kisicho na tundu mahali pa sampuli, chenye vipimo vilevile, mpandishe mkazo na shinikizo kama siku ya kazi, mkiache usiku kucha. Tofauti ikipungua, gesi inapita kati ya chuma na koti la mpira linalovalishwa sampuli, au vali inavuja. Mkazo wa nje usikaribie kamwe shinikizo la ndani. Acheni angalau MPa 3 kati yao, ili mpira ushike. Heliamu na kaboni dayoksaidi hupenya mpira wenyewe: funikeni sampuli kwa karatasi ya shaba au alumini kabla ya kuivalisha koti. Na mkikuta shinikizo la mitungi yote miwili linapanda pamoja polepole wakati joto halijabadilika, kafungueni muangalie: mara nyingi mafuta ya kubania yameshaingia kwenye sampuli, na sampuli hiyo haifai tena.

Haraka. Baada ya kubadilisha mkazo au shinikizo, gesi ndani ya sampuli lazima itulie kabla ya kutuma msukumo. Kwa mwamba wa nanodarsi 100 na vipimo tulivyotaja, robo saa inatosha. Kwa nanodarsi 1 ni siku nzima. Wanaotumia muda uleule wa kusubiri kwa sampuli zote hupata tarakimu nzuri kwa miamba myepesi na upuuzi kwa migumu.

Swali: Maabara nyingine wanasaga mwamba na kupima chenga kwa dakika chache. Si bora tuhamie huko?

Jibu: Kwa swali la mkazo, hapana. Chenga za mm 0.5 hadi 0.85 zinazungukwa na gesi pande zote; hazibanwi na chochote. Mnachopata ni upenyevu wa mwamba usio na nyufa katika mkazo halisi wa sifuri. Ni tarakimu yenye manufaa, na tofauti yake na ile ya silinda huonyesha nyufa zinachangia kiasi gani, lakini haiwezi kuzaa γ.

Swali: Tukate sampuli sambamba na tabaka au kuzikingama?

Jibu: Zote, mkiweza. Sambamba na tabaka upenyevu huwa mkubwa mara kumi, mara mia, wakati mwingine zaidi, na nyufa nyingi hulala upande huo, kwa hiyo γ nayo huwa kubwa. Ya kukingama hukatika vipande wakati wa kukata. Ikatwe kavu au kwa mafuta mepesi, si kwa maji, kwa sababu mfinyanzi huvimba. Ripoti isiyotaja upande wa mkato tungeirudisha ilikotoka.

Swali: Nilishikilia mkazo wa nje kwenye MPa 40 na kupunguza shinikizo la gesi kutoka 10 hadi 1. Mkazo halisi ulipanda, kwa hiyo nilitarajia upenyevu ushuke. Mwanzoni ulishuka kidogo, kisha ukapanda ukapita ulipoanzia. Mwalimu wangu anasema nirudie. (Mwanafunzi wa uzamili, uhandisi wa petroli)

Jibu: Ukirudia utapata hilohilo. Mambo mawili yanavutana.

Katika kinyweleo kipana, molekuli za gesi hugongana zenyewe kwa zenyewe na zile zilizo karibu na ukuta husimama. Katika kinyweleo cha nanomita 10 na shinikizo dogo, molekuli hufika ukutani kabla ya kukutana na mwenzake, na badala ya kusimama huteleza. Methani kwenye shinikizo la angahewa husafiri takribani nanomita 50 kabla ya kugongana na nyingine; kwenye MPa 10 ni takribani nusu nanomita. Uwiano wa umbali huo na upana wa kinyweleo ndiyo nambari ya Knudsen. Chini ya 0.001 gesi hutiririka kama kimiminika cha kawaida. Kati ya 0.001 na 0.1 huteleza, juu ya hapo tunaingia eneo la mpito. Wewe ulianza karibu na 0.05 ukaishia karibu na 0.5.

Klinkenberg aliandika mwaka 1941 kanuni ambayo bado inatosha kwa kazi nyingi: k = k∞(1 + b/P), ambapo P ni shinikizo la gesi, k∞ ni upenyevu usio na utelezi, na b ni kipimo cha utelezi. Tuseme b ya mwamba wako ni MPa 1 na γ ni 0.03. Tuite upenyevu wa mwanzo, kwenye shinikizo la MPa 10, asilimia 100. Kwenye 7 utapata 95. Kwenye 5 utapata 94, na hapo ndipo chini kabisa. Kwenye 3 ni 98, kwenye 2 ni 107, na kwenye 1 ni 139. Ukilinganisha 10 na 1, mkazo peke yake uliukata hadi 76, lakini utelezi umeuzidisha karibu mara mbili. Mwamba umebanwa kweli, ila gesi imebadili mwendo.

Kuvitenganisha si kazi ngumu. Panga mfululizo wa kwanza ambamo tofauti ya mkazo wa nje na shinikizo la ndani haibadiliki: ndani 2, 4, 7, 10 na nje 22, 24, 27, 30. Chora k dhidi ya 1/P. Mstari unapokata mhimili wa wima ndipo k∞ ilipo, na mteremko ukigawanywa kwa k∞ ni b. Mfululizo wa pili, shinikizo la ndani libaki 10, mkazo wa nje upande 15, 20, 30, 40, 50. Huo unakupa γ. Kisha rudia mfululizo wa kwanza kwa tofauti ya MPa 30, kwa sababu vinyweleo vilivyofinywa vina b kubwa zaidi, na ukitumia b moja kwa mikazo yote utaihesabu sehemu ya mkazo kuwa utelezi.

Ukiwa na data ya mifululizo yote unaweza hata kukagua kile kizidisho cha Biot kwa upande wa upenyevu. Chora mistari ya k∞ sawa kwenye grafu ya mkazo wa nje dhidi ya shinikizo la ndani. Mistari ikiwa na mteremko wa 1, tofauti ya kawaida inafaa. Ikiwa na mteremko mdogo zaidi, shinikizo la ndani lina nguvu ndogo kuliko ulivyodhani, na uzalishaji utabana mwamba kwa kiasi kidogo kuliko hesabu yako.

Swali: Heliamu, naitrojeni au methani?

Jibu: Heliamu haishikwi kwenye kuta, kwa hiyo inakupa mwamba mtupu, ila huteleza sana na huvuja sana. Naitrojeni ni ya kazi za kila siku. Methani ndiyo gesi halisi, nayo hukaa kwenye kuta za kerojeni kama utando wa unene wa molekuli moja, karibu nanomita 0.4 kila upande. Katika kinyweleo cha nanomita 50 huo si kitu. Katika cha nanomita 2 ni asilimia 40 ya njia. Kerojeni iliyobeba methani pia huvimba kidogo, na inaposhushwa shinikizo husinyaa na kufungua njia, jambo linalopunguza ukali wa mkazo. Pimeni γ kwa naitrojeni, kisha hakikini sehemu mbili tatu kwa methani. Methani ikiwa asilimia 5 hadi 15 ya hewa hulipuka: feni ya kutoa hewa na king'ora cha gesi viwepo kabla ya kufungua mtungi.

Swali: Kisima chetu kilianza vizuri kisha kikaporomoka ndani ya miezi michache. Wakubwa wanataka choki (tundu la juu ya kisima linalodhibiti mtiririko) ifunguliwe zaidi ili kufidia. Mimi naogopa tutaua nyufa. Nani yuko sahihi? (Mhandisi wa uzalishaji)

Jibu: Kabla ya kulaumu mkazo, chora kiwango cha gesi dhidi ya 1/√t, ambapo t ni muda tangu uzalishaji uanze. Kisima cha shale ambacho mwamba wake umepasuliwa kwa kupampu maji na mchanga, shinikizo la chini likishikiliwa lisibadilike, hushuka kwa mtindo huo hata mwamba usipobanwa kabisa: mwezi wa nne nusu ya mwezi wa kwanza, mwezi wa tisa theluthi. Kama data yako imelala kwenye mstari huo, hakuna cha ajabu. Kama iko chini ya mstari na inazidi kuuacha, una sababu ya wasiwasi.

Mashaka yetu ya kwanza huwa ni mchanga uliopampiwa ili kushikilia ufa usifunge, kabla ya mwamba wenyewe. Mkazo unaoangukia punje ni mkazo wa kufunga ufa ukiondoa shinikizo la gesi ndani ya ufa. Tuseme wa kufunga ni MPa 60. Chini ya kisima kukiwa na shinikizo la MPa 45, punje zinabeba 15. Fungua choki hadi shinikizo lishuke kufikia 10, zinabeba 50. Mchanga wa kawaida huanza kusagika kwa wingi karibu na MPa 40. Unga wake unaziba njia za punje zilizobaki. Punje za kauri huvumilia zaidi. Katika shale laini hata punje isiyovunjika huzama kwenye ukuta wa ufa, na kwa tabaka la punje moja au mbili kuzama kidogo tu kunafunga njia.

Tafuta ripoti ya mchanga mliopampu. Kipimo cha ISO 13503-2 kinaonyesha mkazo unaozalisha unga; ISO 13503-5 kinashikilia kila mkazo kwa saa 50 na kupima mtiririko. Weka alama ya mkazo ambao mtiririko unaporomoka, na uufanye kikomo chako. Halafu shusha shinikizo la chini ya kisima hatua kwa hatua, ukibadilisha choki kwa sehemu mbili za 64 za inchi kila mara na kuangalia kiwango cha gesi kikigawanywa kwa tofauti ya shinikizo la mwamba na la chini ya kisima. Choki ya 14/64 ni tundu la mm 5.6, ya 24/64 ni mm 9.5, na eneo lake ni karibu mara tatu. Hizo si hatua ndogo kama zinavyosikika. Huko Haynesville kampuni nyingi zilihamia choki za kubana kwa sababu hiyohiyo.

Wakubwa wako wana hoja moja: gesi ikienda taratibu mno haiwezi kuinua maji, yakajikusanya chini ya kisima na kukiziba. Bana, ila usishuke chini ya kasi ya kuinua maji.

Swali: Kwenye programu ya uigaji nimeingiza γ ya maabara, 0.05, na matokeo yanaonyesha kisima kinakufa. Cha kweli hakijafa. (Mhandisi wa hifadhi)

Jibu: Maabara walibana sampuli pande zote kwa nguvu sawa. Ardhini hali si hiyo. Mwamba hauwezi kutanuka wala kusinyaa kwa ulalo, kwa hiyo shinikizo la ndani likishuka, mkazo wa ulalo nao hushuka: kwa kila MPa 1 ya gesi hupungua α(1−2ν)/(1−ν). Kwa kizidisho cha Biot (hapa ndicho α, si ile kasi ya kushuka) cha 0.7 na uwiano wa Poisson (ν, kiasi mwamba unavyotanuka pembeni ukibanwa) wa 0.25, hiyo ni 0.47. Shinikizo likishuka MPa 20, mkazo wa ulalo hushuka 9.3, na nyufa za wima zinaongezewa 10.7 badala ya 20. Kwa γ yako, upenyevu wake unabaki asilimia 59, wakati wewe umeupa 37. Nyufa zilizolala na tabaka ndizo zinazobeba nyongeza yote ya 20.

Angalia pia kama upenyevu wa mwanzo ulipimwa kwa shinikizo dogo, tuseme MPa 1, kisha programu ikauongezea utelezi tena. Hapo utelezi umehesabiwa mara mbili na γ inalaumiwa bure. Ingiza k∞, b, na γ tatu tofauti: moja ya mwamba usio na nyufa, moja ya nyufa za asili, moja ya ufa wenye mchanga, kila moja na mkazo wake wa kuanzia. Kwa vipindi ambavyo kisima hufungwa, tumia γ ya njia ya kushusha.